Mbegu ya samaki iko mtoni kwetu, tuilinde nyumbani



Kila mtoto wa Masisi na wa Walikale amekwisha kufanya ile kazi. Anatoka masomo, anashuka kijitoni na kikapu cha mama yake, anatega chini ya majani na kupandisha samaki wadogo watatu ao wane. Hawatoshi hata kwa mboga. Anawatia ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, anaiweka dirishani, anakaa kuwatazama. Siku ya pili wamekufa. Mama anamwaga maji uani na kusema: mchezo wa bure.

Sisi wa kamati ya samaki tulikuwa tunasema vile vile. Leo tumegeuza mawazo, na tunaandika hapa juu ya kuwaomba na ninyi mgeuze. Tunaona kwamba mchezo ule wa mtoto, ukifanywa na mtu mzima mwenye akili na mwenye kufuata, ndio mlango wa kutoka katika shida yetu kubwa ya samaki, yaani mbegu. Kabla koperative haijatoa tena franga ya wanachama kununua alevini, ndiyo watoto wa samaki, kutoka mbali, tunaomba kila mtaa ujifunze kukamata samaki wa mto wetu, kuwatunza nyumbani na kuwazalisha.

Kungojea alevini

Mnakumbuka namna ilivyokuwa. Tulichimba etangi kwa jembe na kwa mikono, tukaleta maji kwa mfereji, tukatia mbolea ya mbuzi mpaka maji yakawa ya kijani. Kisha tukangojea. Alevini walikuwa wanatoka mjini, ndani ya mifuko ya plastiki yenye maji na hewa. Mwenye kujua barabara ya kutoka Sake kupanda Masisi na kuendelea Walikale wakati wa mvua, huyo hahitaji kuelezwa. Gari lilikwama. Mifuko ilipata joto, hewa ikaisha. Siku ya kuwamwaga ndani ya etangi tulihesabu wengi waliogeuza tumbo juu. Tulipiga picha, tukatia sahihi kwenye karatasi, mambo yakaisha.

Wale waliobaki waliishi. Lakini hakuna aliyetuambia ni wa aina gani hasa, wala mama zao walitoka wapi. Baada ya miezi michache wakaanza kuzaa wakiwa bado wadogo, watoto wakazaa watoto, na etangi ikajaa samaki wa kidole. Tulitoa maji tukitumaini samaki wa sahani. Tulipata ndoo ya samaki wa kukaanga na unga.

Hatusemi haya ili kumtukana mtu. Msaada ulikuja kwa moyo mzuri. Tunasema tu kwamba mkulima asiyekuwa na mbegu yake si mkulima, ni mtu wa kungojea. Kwa maharagwe tunajua jambo hili: hakuna mama wa hapa anayekula maharagwe yote bila kuweka kando ya kupanda. Juu ya nini kwa samaki tunakula yote, kisha tunanyoosha mkono?

Pipa la mama mjane

Lililotufungua macho halikutoka kwenye semina. Vita ilipofika pande zetu tulikimbia, kila mtu na kile alichoweza kubeba. Tuliporudi baada ya wiki kadhaa tulikuta etangi zote zimefunguliwa na kukauka. Hatumlaumu aliyefanya vile. Mwenye njaa hangojei ruhusa. Lakini tulikuwa tumerudi sifuri.

Mama mmoja mjane wa koperative yetu alikuwa na pipa la lita 200, amelizika nusu ndani ya udongo nyuma ya jikoni, chini ya ukingo wa manjanja. Kabla ya vita alikuwa ametia humo tilapia watano aliowachagua etangini, juu alipenda kuwatazama akiwa anapepeta mchele. Tulikuwa tunamcheka. Aliporudi alikuta mvua imejaza pipa, maji ni ya kijani kama majani ya viazi, na samaki wanne wanaogelea. Walikula ule ukijani, walikula wadudu walioanguka, wakangoja mwenyewe arudi. Katika hao wanne tulipata dume moja na majike matatu. Etangi mbili tulizo nazo leo, mbegu yao ilitoka ndani ya lile pipa.

Etangi haibebwi wala haifichwi. Pipa nalo halibebwi, lakini liko uani, ni dogo, na hakuna anayelitazama. Tukiwa na mapipa kumi katika nyumba kumi, shida ikija na kuharibu saba, mbegu bado iko. Kuweka mbegu mahali pamoja ni kuweka mayai yote chini ya kuku mmoja.

Kwa nini samaki wa mto wetu

Wengine wanauliza: kama tunaweza kuzalisha nyumbani, si tutafute samaki mkubwa wa kigeni, yule anayekua haraka? Jibu letu lina sehemu mbili.

Ya kwanza: samaki wa hapa amekwisha kuzoea. Anajua baridi ya maji ya milimani, anajua chakula cha hapa, anajua magonjwa ya hapa. Akikua polepole, bado anakua bila dawa na bila chakula cha kiwandani.

Ya pili ni nzito zaidi. Maji hayana kuta. Mto Osso unashuka kutoka Masisi na kuingia Lowa, na Lowa unapita Walikale kwenda Lualaba, ndio mto Kongo wenyewe. Samaki tuliyemwaga ndani ya etangi ya mlimani, mvua kubwa ikibomoa ukingo, kesho yuko mtoni, na hakuna mtu atakayemrudisha. Tazameni ziwa Kivu letu. Sambaza tunazozipenda sana hazikuwamo. Zililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Zimelisha watu wengi, hatuwezi kukataa. Lakini mwaka wa 2006 samaki mwingine wa Tanganyika alionekana Kivu, yule anayeitwa na wataalamu Lamprichthys, na huyo hakuna aliyemwomba. Sasa yuko pamoja na sambaza katika maji yale yale. Na kule ziwa Victoria waliingiza sangara katika miaka ya 1950. Aliwapa watu biashara kubwa, kweli. Lakini samaki wadogo wengi, jamii ya wale tunaowaita haplochromis, walitoweka, na wengine walikuwa hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Hata tilapia yule wa mto Nili, tunayemwona wa kawaida, ni mwenyeji wa maziwa kama Edward na Kivu. Kwa mito ya Walikale inayokwenda Kongo, yeye ni mgeni. Aliyekwisha kuwa naye ndani ya etangi, hatumwambii amuue. Tunamwambia amfunge vizuri: waya ao kitambulio kwenye mdomo wa maji yanayotoka, na ukingo wenye nguvu. Lakini kumpeleka mahali asipokuwepo, hapana. Na samaki wa Kivu asipelekwe Lowa, wala wa Lowa asiletwe Kivu.

Kukamata bila kuua mto

Sasa tuingie katika kazi. Kwanza, namna ya kukamata.

Usitumie utupa, usitumie dawa ya wadudu, usitumie umeme. Sumu haichagui mkubwa na mdogo, na maji unayotia sumu asubuhi, mtoto wa kijiji cha chini anayanywa mchana. Usitumie chandarua cha malaria kuvuta mtoni. Matundu yake ni madogo mno, kinafagia mpaka mayai. Kikapu cha kutega kinatosha, ao neti ndogo ya mkono, pale maji yanapotulia pembeni kwenye majani.

Wakati wa asubuhi ni mzuri, maji yangali baridi. Chagua samaki mzima, asiye na kidonda, asiye na madoa meupe, anayekimbia mkono kwa nguvu. Chukua kumi ao kumi na mbili kutoka mahali mbalimbali, si wote kutoka shimo moja, sababu wa shimo moja mara nyingi ni ndugu. Ukimwona jike mwenye mashavu yaliyovimba na mdomo uliofungwa, mrudishe polepole: ana watoto ndani. Kumchukua yeye ni kuchukua mamia.

Wabebe ndani ya bidoni la njano lililokatwa juu, nusu maji ya mto ule ule, nusu hewa, lifunikwe na jani la mgomba. Samaki wachache wanafika. Wengi wanakufa njiani. Ukifika nyumbani usiwamwage mara moja. Changanya kidogo kidogo maji ya pipa na yale ya bidoni kwa muda wa nusu saa, ili wasishtuke kwa baridi ao kwa joto. Kwa wiki mbili uwaweke peke yao, mbali na wale wa zamani. Mgonjwa atajionyesha.

Pipa na maji yake

Pipa liwe safi. Pipa lililobeba mafuta ya gari ao dawa ya shamba, liache, hata ukilisugua siku saba. Usioshe kwa sabuni; mchanga na maji vinatosha. Lizike nusu ndani ya udongo, udongo unashika joto usiku. Tia mchanga chini na majani ya majini kutoka mtoni. Maji mazuri ni ya chemchemi, ya mto usiopita kwenye mashamba yenye dawa, ao ya mvua kutoka manjanja baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu yalale wazi siku moja ao mbili kwanza.

Kwa pipa moja la lita 200, dume moja na majike mawili ao matatu wa urefu wa kiganja yatosha. Tunajua mnataka kutia ishirini. Msitie. Kinachoua samaki wa nyumbani mara nyingi si njaa, ni uchafu wao wenyewe. Mavi yao na chakula kilichobaki vinaoza na kuwa sumu ndani ya maji. Ndiyo maana samaki wa chupa ya mtoto wanakufa siku ya pili. Wape kile wanachomaliza kwa dakika chache, basi. Kila wiki toa robo ya maji, uongeze mapya. Ukiona alfajiri samaki wote wako juu wanapumua kwa mdomo, ujue hewa imekwisha majini: toa maji haraka, uongeze mapya kwa kumwaga kutoka juu, na siku ile usilishe.

Chakula tuko nacho: pumba ya mahindi, soya iliyokaangwa na kusagwa, minyoo ya udongo, kumbikumbi wakati wake, majani laini ya viazi vitamu. Sombe lisilopikwa liwe mbali, lina sumu. Lililotwangwa na kupikwa bila chumvi na mafuta linafaa kidogo.

Hapa tukiri kosa letu. Siku moja tulitaka kumtenga jike ndani ya pipa. Tulikata kipande cha chandarua kipya cha malaria, tukafunga kama mfuko, tukamtia ndani. Asubuhi, yeye na wenzake wote walikuwa wamekufa. Dawa iliyo ndani ya chandarua kile haidhuru sana mtu, lakini kwa samaki ni sumu kali kabisa. Tuliwaua sisi wenyewe kwa haraka yetu. Mtu asirudie kosa hilo. Cha kutenga kiwe kikapu ao neti ya uvuvi.

Kioo kinafundisha

Tunaomba pia kila koperative iwe na sanduku moja la kioo, kwenye ofisi ao kwenye masomo. Tunajua mtasema ni mapambo ya matajiri. Sikilizeni kwanza.

Ndani ya pipa unaona migongo tu. Ndani ya kioo unaona maisha. Dume anasafisha mahali kwenye mchanga, anachimba shimo la mviringo kwa mdomo, anabadili rangi, anafukuza wengine. Jike anakuja, anataga, kisha anayakusanya mayai yote mdomoni mwake. Anafunga mdomo. Wiki moja, karibu mbili, hali sawasawa, kidevu kimevimba. Siku moja anafungua, na wingu la watoto linatoka. Hatari ikija, wote wanarudi mdomoni mwa mama. Muzee mmoja wa kwetu, aliyevua samaki maisha yake yote, aliyaona hayo kwenye kioo akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: tumekula mama wangapi wenye mdomo uliofungwa? Mafunzo ya siku tatu hayakuwahi kumgusa vile.

Vioo vya dirisha na gundi ya silikoni vinatosha. Sanduku la sentimeta 60 kwa 30 kwa 30 linabeba lita 54, ndiyo kusema kilo 54 za maji pamoja na uzito wa kioo. Meza iwe ya nguvu. Acha gundi ikauke siku kadhaa mpaka harufu kama ya siki iishe, kisha jaza, mwaga, jaza tena. Humo usitie tilapia wakubwa, tia wale wadogo wa kijitoni.

Na msifikiri kutunza samaki wa kwetu ndani ya kioo ni wazimu. Mbelgiji Pierre Brichard alikaa Bujumbura tangu miaka ya 1970 akituma samaki wa ziwa Tanganyika Ulaya na Marekani, na mwaka wa 1978 akaandika kitabu juu yao. Leo mtu wa Ujerumani, nje theluji inaanguka, anazalisha sebuleni samaki ambaye babu zake walitoka Kigoma ao Uvira. Anajua siku ya kutaga, anajua joto, ameandika yote kwenye daftari. Sisi tulio karibu na mto hatujui. Hiyo ndiyo aibu kidogo.

Baridi ya milima

Wa Masisi wa juu watasema: maji yetu ni baridi, samaki hazai. Ni kweli. Tilapia anapenda maji ya digrii 25 mpaka 30. Maji yakiwa chini ya digrii 20 hivi anaweza kuishi, lakini kuzaa anaacha, na kukua kunakuwa kwa polepole sana. Pipa lililopakwa rangi nyeusi na kuwekwa juani, karibu na ukuta wa jikoni, linasaidia kidogo. Lakini tusidanganyane, kwa vilima vya juu kabisa haitoshi.

Ndiyo sababu tunasema hii ni kazi ya koperative, si ya mtu mmoja. Wa mabonde, na ndugu zetu wa Walikale kwenye joto la msitu, wazalishe. Wa milimani wakuze. Lakini wabadilishane ndani ya mto ule ule: wa Osso na Lowa kati yao, na wa mito inayokwenda Kivu kati yao.

Kambale ni habari nyingine. Ni mwenyeji, ni mgumu, anapumua hata hewa ya juu, anavumilia maji mabaya. Lakini ndani ya pipa hatagi hivi hivi. Wataalamu wanampiga sindano. Yeye anataga wakati mvua zinapoanza na majani ya bondeni yanafunikwa na maji. Watoto wake waokotwe pale, wachache, watengwe kwa ukubwa, kwa sababu mkubwa anamla mdogo bila huruma. Na usimtie pamoja na watoto wa tilapia kama unawapenda.

Wanaopinga

Tumesikia maneno matatu, na yote yana uzito.

La kwanza lilitoka kwa wamama, na ndilo lenye nguvu. Walituambia: ninyi wababa mnasema badilisheni maji kila wiki, nani atayabeba? Bidoni la lita 20 liko mgongoni mwa nani? Tuliona haya. Jibu letu ni hili: pipa liwe chini ya manjanja, mvua ilijaze, maji yanayotolewa yasimwagwe ovyo, ni mbolea ya bustani, hivi mama habebi mara mbili kumwagilia mboga, na pale mvua inapokosa, mwanaume mwenye kutaka pipa abebe mwenyewe. Nyumba ambapo baba hakubali kubeba, kamati isipeleke samaki. Tunaomba hili liandikwe kwenye sheria ya ndani.

La pili: watoto wana njaa leo, mnatuambia tutunze samaki wa kutazama. Hapana. Samaki wanne wa pipa si chakula, hata ukiwala leo ni mlo mmoja wa nyumba ndogo. Lakini jike mmoja mzima anaweza kutoa watoto mia na zaidi kwa mara moja, na anarudia mara kadhaa kwa mwaka kama joto liko. Anayekula jike leo amekula etangi ya kesho.

La tatu: hao wa mtoni ni wadogo, watazaa ovyo kama wale wa kidole. Inaweza kutokea, kama hatuchagui. Ndiyo maana tujifunze kutofautisha dume na jike. Mpindue samaki polepole kwa mkono uliolowa: karibu na mkundu dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Kwa samaki wa urefu wa kidole kirefu ni vigumu kuona, lakini macho yanazoea. Madume wakue peke yao etangini, hawazai, wananenepa. Majike wachache wabaki mapipani. Na kila mara tuweke kando wale waliokua upesi kuwa wazazi, tusiwale wao kwanza. Tumezoea kula wazuri na kupanda wabaya, kisha tunalaumu mbegu.

Tunayoomba

Katika mkutano mkuu unaokuja kutakuwa na neno la kununua alevini tena. Sisi wa kamati tutasimama na kusema haya, na tunaomba kura yenu.

Franga ile isiende yote kwa alevini. Nusu inunue mapipa safi, neti ndogo za mkono na sanduku moja la kioo.

Kila mtaa uchague nyumba tatu za kuanza, na moja kati yao iwe ya mama asiye na mume, sababu tumeona nani aliyeokoa mbegu yetu.

Kuwe na daftari moja: samaki wametoka mto gani, siku gani, wamezaa lini, wamepewa nani. Kila mwaka madume wabadilishwe kati ya mitaa ya mto mmoja, ili ndugu wasioane.

Mtu wa koperative akishikwa anavua kwa sumu, atoke kwenye kamati zote, hata kama ni mkubwa wetu.

Na kwa washirika wanaotusaidia, pamoja na hawa wanaochapa gazeti hili, tunasema kwa heshima: msituletee tena mifuko ya samaki tusiowajua. Tuleteeni mtu wa kutufundisha kupima joto la maji na kutambua ugonjwa. Mengine mto umekwisha kutupa.

Juzi mtoto wa mmoja wetu alirudi tena na chupa yake, ndani samaki wawili. Baba yake hakumwaga. Alimwuliza amewatoa kijito gani, wakaenda pamoja kuchota maji ya mahali pale pale. Wako ndani ya pipa, wanakula kumbikumbi. Mmoja ni jike, tunafikiri. Bado tunatazama mdomo wake.